Mkwe Aliyekataa Kuonja

Fundi cherehani hawezi kujidanganya kuhusu mwili wake mwenyewe. Kakule Éliakim, mshonaji wa suruali, makoti na magauni sokoni Butembo, alikuwa amepunguza kiuno cha suruali yake mara tatu tangu Pasaka, na mara ya tatu mifuko miwili ya nyuma ilibaki kidogo ikutane. Aliipunguza wateja walipokwisha kuondoka, akaivaa, akajitazama kwenye kioo, kisha akatangaza kwamba vitambaa vya siku hizi vinatanuka.

“Kitambaa hapana tanuka. Ni wewe uko unapunguka,” alisema mkewe, Jokébed, aliyekuwa akipasi kola. “Papa Gracieuse, twende hospitali.”

“Batanipima nini?”

“Batakupima ugonjwa.”

“Ndiyo hiyo sitaki.”

Hakuna aliyehitaji kuutaja ugonjwa wenyewe. Ulikuwa mwaka 2001, majeshi ya kila rangi yalikuwa yamekwisha kulala mjini na kuondoka, na mtu aliyekonda alikuwa na maelezo ya namna moja tu midomoni mwa watu. Wateja wa kike walianza kumletea gauni kuukuu ili ashone kwa kulifuatisha, eti hawana nafasi ya kupimwa. Shemasi mmoja wa kanisa, mama aliyeshonewa na Éliakim kwa miaka kumi na mmoja, alimwomba aweke chini utepe wake wa kupimia, akamtajia vipimo kwa mdomo akiwa amesimama mlangoni. Éliakim aliviandika vyote, akamtania kuhusu nyonga zake kama kawaida, na mama yule alipoondoka akakaa mbele ya cherehani asubuhi nzima bila kutunga uzi. Aliumia sana, na hakumwambia mtu.

Tena kulikuwa na kiu. Chini ya cherehani kulikuwa na bidoni ya maji ya lita tano, na kabla ya saa sita mchana ilikuwa tupu. Ili arudishe nguvu, alikunywa Fanta mbili kila siku, na Jokébed, mke mwema, alimpikia uji na kuutia vijiko vinne vya sukari. Kadiri walivyomtia nguvu ndivyo alivyozidi kukonda. Na haya yote wiki tatu tu kabla ya arusi ya binti yao, Gracieuse, aliyeposwa na Manassé, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Bungulu, mjini Beni.

*

Aliyeleta jibu ni Maliro, kaka mkubwa wa Éliakim, mkulima wa Kipese. Aliteremka na magunia ya viazi vya arusi, akamwona mdogo wake, akaacha gunia lianguke.

“Nani alikupa kinywaji?” aliuliza hata kabla ya salamu.

“Kinywaji gani?”

“Mutu hapana kauka hivi bure. Umekulia wapi? Umekunywa wapi?”

Wakakaa, wakachambua nyumba zote ambazo Éliakim alikuwa ameingia mwaka ule, mpaka wakafika Bungulu, mwezi wa sita, siku ya kukubaliana mahari. Pale mama yake Manassé, mjane aliyeitwa Agar, aliwapa juisi ya ndizi mbivu, ile ambayo haijachachuka, maana familia zote mbili ni za Kiprotestanti na kasiksi, pombe ya ndizi, hawaigusi. Éliakim peke yake alikunywa vikombe vitano.

“Na nani alionja mbele?” Maliro akauliza.

Kwao anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, ndipo akupe. Ni heshima, na ni ushahidi. Siku ile Mama Agar hakuonja. Alimpa mwanawe kikombe aonje kwa niaba yake, na wote wakacheka kwamba bwana arusi ana kiu.

“Aliye na mukono safi anaonja yeye mwenyewe,” alisema Maliro, akajipiga goti. “Donc ni sumu. Sumu ya polepole.”

Hapa ni lazima tuseme jambo ambalo Éliakim mwenyewe hakulikiri: alifurahi. Aliyelishwa sumu huhurumiwa, huombewa, huletewa kuku. Wateja watarudi, na shemasi atapimwa nyonga zake bila woga. Kati ya kufa kwa aibu na kufa kwa sumu, fundi wetu alichagua sumu, akakaa wima kitini kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Gracieuse alisikia yote kutoka jikoni. Akaja akasimama mbele yao, mikono ina unga.

“Papa, Mama Agar alininunulia kikwembe. Analala na jina yangu mu maombi. Atakuulia juu ya nini?”

“Batoto hapana jua roho ya batu,” alisema Maliro.

“Basi nitajua kwa njia gani, kama muko munakata kesi na yeye hayuko?”

Neno hilo lilimpata baba yake, maana alimpenda binti huyu kuliko alivyoonyesha. Ikaamuliwa kwamba Jumamosi waende Bungulu, wote wanne. Mama Agar atawapa kinywaji, na ataonja yeye mwenyewe. Akionja, arusi iko palepale. Akikataa, Gracieuse hataolewa nyumba ile.

“Na kama anakataa?” Jokébed alimwuliza binti yake baadaye, wakichagua maharage.

“Mama, mimi nampenda Manassé,” alisema Gracieuse. “Nitakataa kurudi Butembo.”

*

Kutoka Butembo hadi Beni si safari ndefu kwa ndege anayeruka. Kwa kamioneti iliyojaa watu, mbuzi na mafuta ya mawese, katika barabara yenye vizuizi vya askari, ni safari ya kukujulisha tabia za wenzako. Kabla hawajafika nusu ya njia, Éliakim alikuwa amekwisha kumsimamisha dereva mara nne, na abiria walikwisha kumpa jina la utani.

Kwenye kizuizi kikubwa waliteremshwa wote kuonyesha vitambulisho. Éliakim alivumilia, akafinya magoti, akashindwa, akaingia kichakani. Askari kijana akamfuata na bunduki.

“Papa, ozokende, unaenda wapi?”

“Kukojoa, chef.”

Akarudi kwenye mstari. Mstari haukusogea. Akaenda tena. Mara ya tatu askari wawili walimzunguka, na mkubwa wao akaacha kiti chake.

“Wewe muzee, uko unapeleka ripoti kwa Mai-Mai mu pori?”

“Hapana, chef. Ni mukojo tu.”

“Mukojo gani hiyo? Umekunywa bière ngapi?”

“Mimi muprotestanti, chef. Nakunywa maji.”

Mkubwa akaamuru asindikizwe na kutazamwa. Basi fundi wa makoti wa Butembo, baba wa bibi arusi, akakojoa mbele ya askari wawili na abiria kumi na tisa, na ilichukua muda mrefu kiasi kwamba askari mmoja alianza kuhesabu kwa sauti. Alipofika hamsini, kizuizi kizima kilikuwa kinacheka, na mbuzi nao wakalia.

“Muache apite,” alisema mkubwa, akijifuta macho. “Mupelelezi hawezi kujifanya vile.”

Gracieuse alikuwa amejifunika uso kwa kikwembe chake cha kitenge. Jokébed alidhani analia, mpaka alipoona mabega yake. Alikuwa anacheka, masikini, ingawa moyo wake ulikuwa mzito. Éliakim alipanda garini bila kumtazama mtu, akaomba maji ya kunywa.

*

Mama Agar alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye sauti ya kwaya, aliyejulikana Bungulu kwa maandazi yake. Aliwapokea kwa vigelegele. Lusenge, shemeji yake, ambaye ndiye msemaji wa familia, alivaa koti la kijivu la sherehe. Manassé aliwapa wakwe mkono kwa mikono miwili, macho chini, kisha kwa siri akamtupia Gracieuse tabasamu dogo. Gracieuse hakutabasamu. Manassé akajua kuna jambo.

Juisi ya ndizi ililetwa kwenye jagi jeupe. Mama Agar akajaza kikombe cha kwanza, akamnyooshea mwanawe.

“Tafazali,” alisema Maliro, akiinua mkono. “Leo mama aonje yeye mwenyewe.”

“Mutoto wangu anaonja juu yangu.”

“Mutoto alionja mara ya kwanza. Tangu siku ile, ndugu yangu anakauka. Mumuangalie.”

Wote wakamwangalia Éliakim, na Éliakim akaangalia viatu vyake. Lusenge akainuka polepole.

“Mumetoka Butembo kuja kutuita barozi, batu ba kuloga?”

“Hatuiti mutu jina,” alisema Maliro. “Tunaomba tu aonje. Ni desturi yetu sisi wote. Mutu anayekataa, ametaja jina yake mwenyewe.”

Mama Agar alishika kikombe. Kukinywa kulikuwa rahisi. Funda moja lisingemuua, wakwe wangetulia, arusi ingefungwa, na siri yake, ambayo Manassé peke yake aliijua, ingebaki siri. Alikifikisha kikombe karibu na midomo. Kisha mama yule akamtazama Éliakim sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu waingie: midomo iliyokauka, shingo iliyocheza ndani ya kola, na bilauri ya maji aliyokuwa amekwisha kuimaliza mara mbili huku watu wengine wakisalimiana. Akakiweka kikombe mezani.

“Sionji,” alisema.

Maliro akasimama. “Basi. Twende kwetu.”

“Kaa chini, papa. Sijamaliza.” Akamgeukia Éliakim. “Papa Gracieuse, munisamehe sana. Unakojoa mara ngapi kwa siku?”

Hata kuku waliokuwa mlangoni walionekana kushtuka. Kwa Wanande, kabila la familia zote mbili, mkwe humtajii hata shuka zake, sembuse mkojo wake. Lusenge alijifunika uso.

“Mara nyingi,” akajibu Jokébed badala yake. “Leo tu, kizuizi nzima inajua.”

“Na kiu?”

“Bidoni ya lita tano haifiki saa sita.”

“Na pale anakojolea, sisimizi banakuja?”

Jokébed akashika shavu. “Banakuja. Mistari na mistari. Nilizani ni juu ya kabichi ya jirani.”

“Ilianza lini?”

“Pasaka, mama. Nilimunulia bidoni ile Pasaka.”

“Na kwangu mulikuja mwezi wa sita,” alisema Mama Agar.

Kila mtu chumbani alihesabu miezi kwa vidole. Maliro alihesabu mara mbili.

“Pengine ni sumu inayorudia nyuma,” alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Lusenge, pamoja na hasira zake zote, akapasuka kicheko ndani ya viganja vyake.

Mama Agar hakucheka. Aliingia chumbani, akarudi na karatasi ya kituo cha afya na pakiti ya vidonge, akaviweka mezani kando ya kikombe.

“Niko na ugonjwa ya sukari. Mwaka ya ine sasa. Nilianguka mu kanisa, bakafikiri ni Roho Mutakatifu. Jus hii ni sukari tupu, ndiyo maana sionji. Nilificha juu ya Manassé. Nilisema, nani atatoa binti mu nyumba yenye ugonjwa hauponi?” Akasukuma kikombe kando. “Papa, ningekunywa, mungenisadiki. Tungeimba, tungeagana. Na wewe ungerudi Butembo kufa na wazo la sumu mu kichwa. Ile nimeona siwezi.”

Éliakim alitaka kusema kitu cha heshima. Kilichotoka kilikuwa hiki: “Mama, choo iko wapi?”

*

Walilala Bungulu, na Jumatatu asubuhi walikuwa wa kwanza kwenye benchi la kituo cha afya cha pale. Muuguzi, Rébecca, alikuwa mwanamke mwembamba asiye na haraka. Alimpa Éliakim kichupa, na Éliakim akakijaza bila shida yoyote. Ndilo jambo pekee la siku ile aliloliweza vizuri. Rébecca alitia matone machache kwenye maji ya bluu ndani ya bomba la kioo, akalishika juu ya moto. Familia mbili zikajipanga kutazama.

“Bluu ya wanafunzi,” alinong’ona Éliakim, kwa mazoea ya kazi. Maji yakabadilika. “Kijani ya basoda.” Yakabadilika tena. “Manjano.” Kisha akajisogeza karibu zaidi, maana bomba zima lilikuwa limegeuka rangi ya tofali.

“Sukari,” alisema Rébecca. “Tena nyingi.”

“Unipime na mimi,” alisema Maliro, ambaye hakuamini moto wa mtu mwingine. Akapimwa. Ya kwake ilibaki bluu tangu mwanzo hadi mwisho, na alionekana kuvunjika moyo kidogo.

“Donc hapana ile ugonjwa?” Éliakim aliuliza, akimkaribia muuguzi.

“Gani?”

“Ile.”

“Hapana ile. Hii ni sukari.”

“Na hapana sumu?”

“Sumu yako, papa, ni nini ulikuwa unakunywa?”

Éliakim akataja uji, vijiko vinne, na Fanta mbili za kutia nguvu. Rébecca akafumba macho.

“Ulikuwa unalisha ugonjwa, hapana wewe. Sikiliza. Sukari inaingia mu damu, mwili inashindwa kuitumia, donc unakauka na chakula iko ndani. Fanta, jus, uji tamu, uache. Bugali, kidogo; maharage na sombe ya majani ya muhogo, ndiyo. Utembee kila siku. Uangalie miguu yako kila jioni sawa vile mama anaangalia mutoto. Dawa, kila siku, hata siku unasikia muzuri.”

“Itapona?”

“Haiponi. Lakini inafungwa kamba, sawa mbuzi. Ukishika kamba, unaishi. Ukiachilia, inamaliza shamba.”

Éliakim akaketi benchini, akalia waziwazi mbele ya mkwe wake, na si kwa huzuni. Kwa miezi mitano alikuwa amejizika mwenyewe kila asubuhi. Jokébed alimshika bega, naye machozi yakimtoka.

Maliro bado alikuwa na swali. Mtu wa Kipese hatoki sokoni bila swali la mwisho.

“Muuguzi, inatembea mu damu ya familia?”

“Inaweza kutembea. Hapana lazima.”

Hapo wote wakawatazama Gracieuse na Manassé, waliosimama karibu na dirisha. Éliakim alielewa kabla ya wengine, akafuta uso. Alikuwa amekuja kumwondoa binti yake katika nyumba yenye doa, na sasa doa lilikuwa lake pia. Lusenge angeweza kusema neno moja tu la kuvunja arusi, na hakuna ambaye angemlaumu.

“Mama Agar,” alisema Éliakim, akisimama. “Nilikuja kukunyima binti yangu, na nilikupaka jina mubaya. Unisamehe. Sasa ni mimi naomba. Kama mungali munamutaka Gracieuse, hata na baba yake hivi alivyo.”

“Desturi inasema mbuzi,” alisema Lusenge. “Mutu akiitwa murozi bure, mbuzi inatoka.”

“Mbuzi mutakula siku moja, inaisha,” alisema Mama Agar. “Mimi nataka ingine. Siku ya arusi, mbele ya chakula, Papa Gracieuse atasimama na kusema kwa mudomo yake mwenyewe ugonjwa yake. Na mimi nitasimama kando yake na kusema yangu. Nimechoka kuficha. Batoto betu baoane bakijua, na bajukuu bapimwe mapema.”

Kwa Éliakim, kutoa mbuzi kumi kungekuwa rahisi zaidi.

“Papa,” alisema Gracieuse kutoka dirishani, “mimi nitakushikilia mukono.”

*

Arusi ilikuwa Butembo, uani, kukiwa na turubai, kwaya mbili na viazi vya Kipese. Soko lote lilikuja: waliompenda fundi, na waliotaka kuona ni kilo ngapi zimebaki. Wali ulipokuwa tayari, Éliakim alisimama. Suruali yake ilikuwa mpya. Mkono mmoja ulishikwa na bibi arusi, na upande wa pili alisimama Mama Agar, mrefu kama askari.

“Bandugu,” alisema, na kelele za watu zikamzidi. Akaanza tena. “Bandugu, nimekonda. Mumeniona, na mumesema. Sikuwalaumu, na mimi nilisema. Nilimusingizia mukwe wangu huyu sumu, juu niliona aibu ya ugonjwa kuliko ya uwongo. Ugonjwa yangu ni sukari. Nilikuwa na kiu sawa mutu anayelamba chumvi, na nilikojoa mpaka basoda balinihesabia. Nimepimwa Beni. Nakunywa dawa. Na leo, munisamehe, sitakunywa Fanta yenu.”

“Na mimi vilevile,” alisema Mama Agar, kwa sauti iliyofika barabarani. “Sukari, mwaka ya ine. Na niko hapa, na nitacheza.”

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikohoa, wakatazama sahani tupu. Éliakim aliketi, masikio yakimwaka, akajuta kwa moyo wake wote kwamba hakutoa mbuzi. Kisha kwaya ikamwokoa kwa kuanza wimbo, na wali ukaanza kugawiwa.

Alikuwa hajatia mdomoni maharage yake ya kwanza mtu mmoja alipomgusa bega na kumwomba waende nyuma ya nyumba kidogo. Alikuwa muuza misumari, mtu mzito mwenye sauti nene, ambaye sasa alinong’ona.

“Fundi. Ile kukojoa. Basoda balihesabu mpaka ngapi?”

“Hamsini.”

Muuza misumari akapiga hesabu zake, uso ukambadilika. Éliakim akamweleza yote: kiu, sisimizi, maji ya bluu na rangi ya tofali. Alipogeuka arudi kwenye chakula chake, akamkuta dereva wa lori anangoja karibu na mti wa parachichi, akijifanya anatazama maparachichi. Nyuma ya dereva alikuwa karani wa shule, na nyuma ya karani, kofia mkononi, mchungaji mwenyewe aliyefungisha ndoa.

Wali wa Éliakim ulipoa, naye hakujali. Upande wa wanawake, Mama Agar alikuwa na benchi lake mwenyewe la wenye maswali, na lilikuwa refu zaidi.

Mchungaji alingoja mpaka wengine wote wamekwisha kwenda. Alisikiliza kwa makini, akauliza nauli ya hadi Beni kwa muuguzi, akageuza kofia yake mara mbili.

“Na batu, Papa Éliakim? Nikienda kupimwa, bataongea.”

“Bataongea, mchungaji,” alisema Éliakim. “Mimi nimebatangulia tu kuongea.”